Pipa Linalosema Asante

Kona yenyewe si ya kupigia picha. Duka la vipuri upande huu, kinyozi upande ule, mfereji wa maji machafu unapita katikati, na mbele ya mfereji kuna ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za gari. Huo ndio kijiwe. Wenyewe hawaitani majina ya kwenye vyeti, wanaitana majina waliyobandikana. Yupo Soli, fundi viatu, na kisanduku chake cha misumari. Yupo Wakili, ambaye sheria hajaisomea hata siku moja, ila aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani. Yupo Antena, fundi wa redio na simu, ambaye hakijaharibika kitu duniani akakosa kujua sababu yake. Mama Vocha ana mwavuli na meza ya kadi za simu, na kazi yake ya pili ni kujifanya hasikilizi. Birika ndiye muuza kahawa, na jina lake halihitaji maelezo. Kila mmoja alikuwa na takataka zake za kazi na mahali pake pa kuzitupia, napo mahali penyewe palikuwa mferejini.

Halmashauri ilikuwa imehangaika na kona hiyo mpaka ikakonda. Kwanza walileta bango: USITUPE TAKA HAPA. Watu wakaja kulisoma wakiwa na taka mkononi, na walipomaliza kusoma wakaziacha hapo hapo. Wakaleta askari wa usafi wa kutoza faini. Kijiwe kikajifunza kukalia ushahidi, na Mama Vocha aliwahi kukalia maganda ya machungwa asubuhi nzima huku akitabasamu. Baadaye wakaja wakubwa wenyewe, na mifagio mipya na glavu mpya na mpiga picha. Walifagia mpaka picha zikatosha, wakaondoka, na glavu zikabaki mferejini.

Kisha ndipo likaja pipa.

Lilikuwa la kijani, limefungwa kwa bolti kwenye zege, na juu yake kimewekwa kioo cha kunasa jua. Fundi wa halmashauri, mtu mzima mwenye kofia ngumu, alilipiga kofi la mahaba mgongoni.

— Hili si pipa la kawaida, jamani. Mmoja wenu atupe kitu, asikie.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe Wakili akakunja karatasi iliyokuwa na karanga, akainuka kama anayekwenda kupokea cheti, akaitumbukiza. Pipa likasema, kwa sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka:

— Asante sana, mwananchi mwema. Umefanya jambo la maana. Karibu tena.

Soli alikuwa anapigilia kisigino. Nyundo ikatua kwenye kidole gumba.

— Pole, alisema Birika. Umeshtuka?

— Sijashtuka. Kisigino kimeteleza.

Kidole kilimuuma kweli, lakini si kidole kilichomwacha mdomo wazi. Sauti ile alikuwa anaijua. Ilikuwa sauti ya mkewe.

Mkewe alikuwa mpokea simu wa idara ya maji, kwenye ofisi hizo hizo za halmashauri. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa mji upande wa pili, na njia yake ya kwenda kazini haikupita kijiweni, kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumtia machoni. Walimjua kwa cheo tu, shemeji. Wakimuuliza Soli habari zake, alikuwa na majibu ya kudumu: yupo, hajambo, anawasalimu.

Akalitazama pipa. Umefanya jambo la maana! Nyumbani kwake hajaambiwa maneno kama hayo tangu watoto walipokuwa wananyonya.

Angesema pale pale, "Huyo ni mke wangu," na mambo yangeishia hapo. Lakini wangemuuliza, mbona hukutuambia? Naye angejibu nini? Kwamba hata yeye hakuambiwa? Mwanaume mzima, mwenye nyumba, anapata habari za mkewe kutoka kwenye pipa la taka! Soli akakinyonya kile kidole, akarudi kwenye kisigino chake.

Ndani ya siku chache kona ilibadilika. Watu walianza kutoka mitaa ya mbali kuja kutupa taka. Kinyozi alifagia nywele mara mbili kwa siku hata kama hajapata mteja. Dereva mmoja wa teksi, mtu wa makamo aliyenyoa vizuri, alikuwa anaegesha gari, anashuka na mfuko wa karanga, na kutumbukiza maganda moja moja.

— Asante sana, mwananchi mwema, lilisema pipa.

Anatumbukiza jingine.

— Asante sana, mwananchi mwema.

— We bwana! Soli alimfokea. Si umwage yote mara moja?

— Yanakuhusu nini maganda yangu?

— Foleni! Unaleta foleni hapa!

— Foleni ya nani? Niko peke yangu.

Kijiwe kikamtazama Soli. Soli akatazama kiatu. Siku hiyo aliapa moyoni kwamba yeye hataliwekea lile pipa hata uzi. Vipande vyake vya ngozi viliendelea kwenda mferejini, kimya kimya, bila shukrani ya mtu.

Mjadala wenyewe ulipamba moto asubuhi moja ya mawingu, pale pipa liliposema asante yake kwa sauti ya chini, kama aliyeamka na mafua.

— Mmesikia? aliuliza Mama Vocha. Leo kachoka.

— Nani kachoka? Antena alicheka kwa dharau. Mama Vocha, ile ni betri. Mawingu yakizidi, betri inashuka, sauti inashuka. Mle ndani kuna kispika kama cha redio ya mkulima, basi.

— Antena, mimi nauza vocha. Mtu anayeongea na mtu namjua. Yule mwanamke yuko hai, amekaa ofisini, amevaa vile vitu vya masikioni, na kila pipa likifunguliwa anaambiwa, haya sema. Kutwa nzima. Wewe usingechoka?

— Kwa mapipa yote ya mji?

— Ndiyo maana kachoka!

Wakili alikohoa. Wakili akikohoa, Birika huwa anamjazia kikombe, kwa sababu hapo maneno yatakuwa marefu.

— Waheshimiwa, mmesimamia kitu kidogo. Swali si nani anasema. Swali ni nani anasikiliza. Pipa likisema asante, ina maana limekuona. Likikuona, limekuandika. Mwisho wa mwaka wataleta hesabu: huyu ametupa mara nyingi, mwema. Huyu hajatupa hata mara moja. Aitwe aje ajieleze.

Soli alisukuma kipande cha ngozi chini ya ubao kwa mguu.

— Sasa mtu kama hana taka?

— Mtu asiye na taka, alisema Wakili kwa huzuni, huyo ndiye wa kwanza kushukiwa. Tena sauti yenyewe mimi nimewahi kuisikia mahali. Siku bomba la maji lilipopasuka kwetu nilipiga simu mahali nikaambiwa, "Subiri kidogo, usikate." Ilikuwa tamu hivi hivi. Nilisubiri mpaka bomba likajiziba lenyewe.

Nyundo ya Soli ikasimama hewani.

— Sauti za wanawake wa maofisini zinafanana, alisema haraka haraka.

— Umezisikia wapi?

— Nasema tu.

Birika, ambaye kwa kawaida huongea baada ya wote kumaliza, aliweka chini birika lake.

— Ninyi hamjaelewa. Huu ni uchaguzi.

— Uchaguzi gani tena?

— Ngoja niwafungulie. Mwanamke huyu anamshukuru kila mtu mmoja mmoja. Wewe, diwani wako amewahi kukushukuru?

— Hajawahi.

— Amewahi kukuambia umefanya jambo la maana?

— Wapi!

— Basi. Wanatuzoesha sauti. Halafu siku moja, tumeshazoea, sauti inatoka ndani ya pipa, inapanda jukwaani: "Mimi ndiye yule." Nani hatampa kura? Mimi nampa. Kinyozi anampa. Yule wa teksi anampa na gari.

Kijiwe kikatikisa vichwa kukubali, kwa sababu lilikuwa jambo linaloingia akilini.

— Hagombei! alisema Soli.

Wote wakageuka.

— Umejuaje? aliuliza Mama Vocha, na safari hii hakujifanya hasikilizi.

— Namaanisha... pipa haliwezi kugombea. Sheria hairuhusu. Au vipi, Wakili?

Wakili alitazama juu, kama anayefungua kitabu kichwani.

— Sijaona kifungu kinachokataza, alisema.

Jioni hiyo Soli alirudi nyumbani. Mkewe alikuwa anaosha vyombo. Soli alisimama mlangoni pa jikoni, mahali ambapo kwa kawaida hupita tu akielekea kwenye kiti chake.

— Leo kazini kumekuwaje?

Mkewe alishika sahani isidondoke.

— Unaumwa?

— Siumwi. Nauliza.

— Kumekuwa kama kawaida. Watu hawana maji, wanapiga simu.

— Kingine?

— Kingine kipi?

Soli alikuna shingo. — Kule kwetu halmashauri imeweka pipa linaongea.

Mkewe aligeuka kidogo, mikono bado imo kwenye povu. — Eeh?

— Lina sauti ya mwanamke.

— Sauti gani?

Hapo angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba mji mzima umeacha kazi unatupa maganda, kwamba yeye mwenyewe mchana huacha kugonga nyundo ili asikie vizuri. Lakini alikuwa anamsubiri yeye aanze. Aliyeficha jambo ndiye aanze.

— Sauti tu, alisema. Ya kawaida.

Mkewe akarudia sahani yake, akaisugua kuliko ilivyochafuka.

— Haya, alisema.

Soli akaenda kukaa kwenye kiti chake, amenuna, na hakuna aliyemwona kwamba amenuna.

Tatizo la pipa lile lilikuwa moja: waliolileta walifikiria jinsi litakavyosema, hawakufikiria nani atalimwaga. Gari la taka lilikuwa linapita barabara kubwa tu. Pipa likajaa. Lilipojaa, watu wakashindilia, maana nani atakubali kurudi nyumbani bila asante yake? Siku moja, jua likiwa kali na betri imeshiba, mwenye duka la vipuri alishindilia boksi la plagi mpaka likakwama mdomoni. Antena alieleza baadaye kwamba mle mdomoni mna kijicho kinachoona taka ikipita, na boksi lilikuwa limekaa mbele ya kijicho. Wakati huo hakuna aliyekuwa na nafasi ya maelezo, kwa sababu pipa lilikuwa limeanza:

— Asante sana, mwananchi mwema. Umefanya jambo la maana. Karibu tena. Asante sana, mwananchi mwema. Umefanya jambo la maana. Karibu tena. Asante sana...

Mwanzoni walicheka. Baada ya kikombe kimoja cha kahawa walikuwa wanatabasamu. Baada ya cha pili Birika alishindwa kuhesabu chenji.

— Linyamazishwe! alisema Mama Vocha. Wateja wananipa namba za simu, mimi naandika mwananchi mwema!

— Antena, wewe si fundi?

— Siwezi kulifungua hivi hivi. Mali ya umma. Wakili aseme kwanza.

— Asante sana, mwananchi mwema, lilisema pipa.

Wakili alikuwa ameziba masikio kwa viganja. — Nakubali! Nakubali kwa niaba ya umma! Soli, lete nyundo yako. Tulipige huyu mwanamke pigo moja la kichwa anyamaze.

Akainyanyua nyundo kutoka kwenye kisanduku bila kusubiri jibu, akalikabili pipa, akainua mkono.

Soli hakukumbuka baadaye aliinuka vipi. Alijikuta tu amesimama mbele ya pipa, mikono ameitandaza, kiatu cha mteja bado kimemning'inia kidoleni.

— Hakuna mtu wa kumpiga!

— Kumpiga nani? Soli, toka, ni pipa hilo.

— Nimesema hapigwi! Kama ni kupiga, unipige mimi kwanza!

— Umekuwaje wewe? Ni nani kwako?

— Ni mke wangu!

Pipa peke yake liliendelea kumwambia kila mtu karibu tena.

Antena ndiye aliyeanza, kwa sauti ya upole, ile ya kumwongelesha mtu aliyekaa juani sana.

— Soli, ndugu yangu. Kaa chini kidogo.

— Mpe maji, alisema Mama Vocha.

— Sina wazimu! Mke wangu anapokea simu idara ya maji. Wamechukua sauti yake. Tangu siku ya kwanza nimemjua.

— Mbona hukusema?

Soli alishusha mikono. Swali lilikuwa lile lile alilolikimbia, na lilikuwa limemsubiri.

— Kwa sababu hakuniambia, alisema.

Wakili alirudisha nyundo kisandukuni polepole.

— Ushahidi, alisema. Samahani, lakini hapa tunahitaji ushahidi. Mpigie simu.

Soli alitoa simu, akapiga namba ya ofisi. Antena aliichukua, akabonyeza mahali ili wote wasikie, akaishika katikati. Ililia kidogo, ikapokelewa.

— Idara ya maji, habari za leo. Nikusaidie nini?

— Umefanya jambo la maana, lilisema pipa kwa sauti ile ile.

Mama Vocha alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Birika alivua kofia.

— Ni mimi, alisema Soli.

— Wewe nani?

— Mimi! Mumeo.

— Ah! Kuna nini? Watoto wana nini?

— Watoto hawajambo. Ni... nimekupigia tu.

— Umenipigia tu? Na huyo mwanamke anayeongea hapo nyuma yako ni nani?

— Ni wewe.

— Unasema?

— Ni wewe, mke wangu. Umejaa... yaani, pipa limejaa, limekwama, linashukuru halinyamazi. Na hawa wanataka kukupiga nyundo. Mbona hukuniambia?

Upande wa pili kikasikika kiti kikisogezwa.

— Nilikuambia.

— Lini?

— Jikoni. Nilikuja na furaha zangu. Nikakuambia, mume wangu, ofisi nzima wamenichagua mimi, sauti yangu itawekwa kwenye mapipa ya mji. Ukasema sawa, ila sabuni imeisha.

— Aaah, Soli! kijiwe kizima kilisema kwa pamoja, kama kwenye penalti iliyopaa juu ya goli.

— Hao ni nani? Umeweka sauti ya nje?

— Kidogo.

— Hamjambo hapo?

— Hatujambo, shemeji! walijibu wote, na Wakili alisimama wima.

— Nikitoka kazini leo nitapitia hapo, alisema. Miaka yote nakusikia kijiweni, kijiweni. Nikaone.

Simu ikakatika. Walibaki wanaitazama kana kwamba itasema lingine. Soli alikuwa anatafuta kichwani mwake siku ile ya jikoni, na haikuwepo. Sabuni aliikumbuka vizuri. Alikumbuka hata duka alikokwenda kuinunua. Uso wa mkewe siku hiyo, furaha zake hizo, hakuvikumbuka hata kidogo. Akawaza kwamba yule wa teksi, mtu baki kabisa, ndani ya siku chache amemsikiliza mkewe kuliko yeye.

— Jamani, alisema Mama Vocha. Shemeji anakuja hapa?

Wote waligeuka wakatazama kona yao. Waliitazama kama mgeni anavyoitazama. Mfereji ulikuwa umejaa kadi za simu zilizokwanguliwa, nyaya, vipande vya ngozi, na mabaki ya kahawa yaliyomwagwa tangu enzi.

— Hapana, alisema Birika. Hapana, hapana, hapana.

Kilichofuata hakijawahi kuonekana pale. Bango halikuwahi kukileta, faini haikukileta, wala wakubwa na mifagio yao. Antena alileta bisibisi, akafungua mlango wa nyuma wa pipa, boksi likatoka, na sauti ikakatika katikati ya "mwananchi". Mwenye duka la vipuri alitoa mkokoteni, akaambiwa asiishie hapo, asukume. Wakili, aliyekuwa hajainama tangu aliponunua suruali ile, aliikunja mpaka magotini akaingia mferejini na koleo.

— Waheshimiwa, glavu za wakubwa hizi hapa! alisema kutoka chini. Bado nzima.

— Zivae!

— Na bango pia liko huku.

— Linasemaje?

— Usitupe taka hapa.

Soli alikusanya vipande vyake vya ngozi kwa mikono, hakuvibagua. Vilikuwa vingi kuliko alivyodhani. Alivisukuma mwenyewe kwenye mkokoteni mpaka barabara kubwa, akavimwaga pale gari la taka linapopita, akarudi mbio akifuta jasho kwa kiwiko. Kinyozi akamwaga maji ya sabuni juu ya zege. Birika alisugua vikombe mpaka maua yaliyochorwa juu yake yakaonekana, na hapo ndipo wengine walipojua kwamba vina maua.

Shemeji alifika jua likiwa limelegea. Mwanamke wa kadiri, mkoba begani, viatu alivyomtengenezea Soli mwenyewe. Kijiwe kizima kilisimama. Soli akataka kusema kitu cha kumtambulisha, akakosa, akasema:

— Ndiye huyu.

— Shikamoo, alisema Wakili, ingawa alimzidi umri kwa mbali.

— Jamani, kaeni, alisema mgeni, na aliposema hivyo Birika alipiga hatua moja kuelekea kwenye pipa, kwa mazoea, na kikombe mkononi, kabla hajajizuia.

Walimpa nafasi ya katikati ya ubao. Walimpa kahawa. Alinywa kwa utulivu, akaangalia mfereji, akaangalia pipa, akacheka kidogo peke yake.

— Shemeji, alisema Mama Vocha, ambaye alikuwa ameshikilia swali lake kwa nguvu zote. Ule utamu wa sauti uliupata wapi? Maana mimi nilisema, huyu hasomi karatasi.

— Walinichosha! Walinifungia kwenye stoo ya mafaili, wametundika mablanketi ukutani. Nikisema asante, fundi anasema hapana, unasema kama mtu wa ofisini. Rudia. Nikarudia mpaka koo likakauka. Mwishowe akaniambia, mama, mfikirie mtu aliyewahi kukusaidia kazi, ukafurahi kutoka moyoni. Mshukuru huyo.

— Ukamfikiria nani?

Alimwelekeza Soli kwa kidevu. — Huyu hapa. Siku alipoosha vyombo.

Soli aliwatazama wenzake, kisha akamtazama mkewe. — Siku gani hiyo?

— Nilipokuwa na homa. Hukuambiwa na mtu. Uliosha vyote na sufuria, ukavipanga vibaya.

— Mimi hata siikumbuki.

— Mimi naikumbuka, alisema mkewe. Ilikuwa siku moja tu, si rahisi kuisahau.

Walicheka mpaka ubao ukayumba juu ya rimu zake. Soli alicheka pia, halafu akaacha kucheka kabla ya wengine. Alimsogelea kidogo.

— Na siku ya kurekodi, alisema kwa sauti ya chini, walikupa hata maji ya kunywa? Baada ya kukukausha koo hivyo?

— Walinipa ya moto, alisema mkewe, akiwa amegeuka kumwangalia vizuri. Yana ladha ya mpira. Halafu sasa, yule fundi naye akasahau kuwasha mashine...

Akamsimulia. Soli alisikiliza habari za mashine iliyosahauliwa mpaka mwisho, akauliza na yule fundi ni mtu wa wapi, akaambiwa. Wenzake walijifanya wanaangalia barabara.

Ndipo Wakili alipoona ni wakati wake. Alivuta suruali yake, ambayo bado ilikuwa imekunjwa magotini, akaeleza kwa kirefu jinsi halmashauri ilivyokosea tangu mwanzo. Bango lilikosa nini, faini ilikosa nini, pipa limekosa nini. Antena akaongeza habari za betri. Birika akagusia uchaguzi, kwa heshima, kwa vile mgombea mwenyewe alikuwa pale. Walikubaliana kwamba mji huu ungekuwa mikononi mwao ungeng'aa. Na ushahidi si huo hapo? Wakamwonyesha zege lililooshwa, mfereji unaopitisha maji kama mfereji.

Mke wa Soli alimaliza kahawa yake, akakiweka kikombe chini taratibu.

— Pamependeza sana, alisema. Kweli kabisa. Na kesho zamu ya nani?

Antena alimwangalia Wakili. Wakili alimwangalia Mama Vocha. Mama Vocha ghafla alikuwa hasikilizi. Mwenye duka la vipuri alikumbuka mlango wake hajaufunga, akaenda kuufunga. Soli alifungua kinywa, akaona mkewe anamsubiri yeye hasa, akakifumba tena ili afikirie jibu ambalo ataweza kulibeba.

Birika aliinua birika lake, akalitikisa karibu na sikio, akaliinamisha juu ya kikombe cha kwanza.

— Kahawa imekwisha, alisema.